Safari ndefu ya uvimbe mdogo

Stendi ya Korogwe haitulii. Basi la Arusha linaingia, la Dar es Salaam linatoka, na katikati yake wachuuzi wanakimbilia madirisha na machungwa, korosho, mayai ya kuchemsha na maji ya chupa. Kwa abiria wengi mji huu ni mahali pa kunyoosha miguu kidogo, kisha safari inaendelea. Lakini watazame wanaopandia hapo. Si ajabu kumwona mama wa makamo aliyejitanda kanga, amekumbatia bahasha kubwa ya kaki, na pembeni yake binti au mdogo wake aliyekuja kumsindikiza. Ndani ya bahasha mna karatasi ya rufaa.

Akielekea kusini, safari yake itaishia ufukweni mwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako bado limesimama jengo la hospitali lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Akielekea kaskazini, atafika Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ambayo ilifungua kituo chake cha saratani mwishoni mwa 2016. Korogwe iko karibu katikati ya hospitali hizo mbili, takriban kilomita 300 kila upande, na njia yote ni lami.

Ukiitazama ramani utasema watu wa huku wana bahati. Ila mwenye bahasha hakuanzia stendi. Alianzia Kwamsisi, Kwachaga au Kwamatuku, upande wa Handeni. Au Kwagunda, Kwashemshi au Bungu, upande wa Korogwe. Na hakuanza jana. Basi litamfikisha mjini jua halijazama, lakini kutoka siku alipoona dalili ya kwanza hadi kukaa kwenye kiti hicho, huenda imepita miezi minane, mwaka, au zaidi. Kilomita zinahesabika. Ni ile miezi ambayo haina anayeihesabu, na humo ndimo watu wanamopotelea.

Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yanaonyesha kuwa mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 wa saratani na vifo karibu 27,000. Yaani penye wagonjwa wapya watatu, pana vifo viwili. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa na kifo kimoja kwa karibu kila wagonjwa wapya wanne. Wenzetu wanaugua zaidi, sisi tunakufa zaidi. Na saratani inayoongoza nchini mwetu, ile ya shingo ya kizazi, yenye wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka huo, ndiyo ambayo wataalamu wanajua kuizuia kuliko karibu saratani nyingine zote.

Kwa nini basi? Jibu linalotolewa haraka kwenye semina ni kwamba wananchi hawana uelewa. Jibu hilo ni jepesi, na linamwacha mwananchi na lawama peke yake. Tuifuate njia anayopita, mlango kwa mlango, kabla ya kumhukumu.

Chango, jipu na kisicho na jina

Huku, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, maumivu ya chini ya kitovu yana jina tayari: chango. Hedhi ikivurugika, chango. Mimba ikichelewa, chango. Damu ikitoka baada ya kukutana na mume, au ikirudi baada ya hedhi kukoma miaka mitano, nayo hutiwa kwenye kapu hilohilo. Jina likishapatikana, dawa yake inajulikana: mizizi ya kuchemsha, kombe la shekhe, majani ambayo shangazi anayafahamu tangu ujana wake. Mtu hatafuti dawa ya ugonjwa asioujua. Anatafuta dawa ya ule aliokwisha kuupa jina.

Titi nalo lina jina lake, jipu la ziwa, ambalo kila aliyenyonyesha analifahamu: linauma, linapata moto, linaiva, linapasuka. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauna tabia hiyo. Unaanza kama punje ya kunde, mgumu, hauumi. Sasa mtu anayelima kwa jembe la mkono, anayechota maji na kukata kuni, aache kazi akaangaliwe kitu kisichouma? Uchungu ndio unaompeleka mtu hospitali, na saratani hii huchelewa kuuma.

Neno saratani tumelipata kutoka Kiarabu, na huko lina maana ya kaa, huyuhuyu wa pwani mwenye magando. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kaa. Vijijini wengi husema kansa, na hulisema kwa sauti ya chini, aghalabu baada ya maziko. Jina linalosikika msibani tu haliwezi kumjia mtu kichwani anapogusa kipunje kidogo kwenye titi akiwa mzima.

Milango mitano

Mlango wa kwanza ni wa nyumbani. Mama mkwe ataulizwa, bibi ataulizwa. Mume huenda akaambiwa mwisho, hasa kama ugonjwa uko sehemu ya siri.

Wa pili ni duka la dawa muhimu, kwa kuwa liko karibu, linafunguliwa hadi usiku na halina foleni. Muuzaji atatoa vidonge vya maumivu na vya kuua vijidudu. Nafuu ya siku chache itampa mgonjwa imani kuwa amepatia.

Wa tatu ni wa mganga. Handeni ina sifa ya uganga iliyovuka mipaka ya mkoa, hata wako wanaotoka Dar es Salaam kuja kutafuta tiba huku. Msomaji wa mjini huenda akatikisa kichwa. Lakini pima mambo kwa mizani ya mgonjwa mwenyewe. Mganga haulizi rufaa. Anamsikiliza mgonjwa akiwa na ndugu zake, kwa lugha yao, kwa muda mrefu. Anapokea kuku, anapokea malipo kidogo kidogo, anasubiri mavuno. Na juu ya yote anajibu swali ambalo hospitali haijibu: kwa nini mimi? Jibu lake laweza kuwa si sahihi, lakini analo.

Wa nne ni zahanati. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na majengo mengi yamesimama kwa sababu ya nia hiyo. Hata hivyo jengo haliangalii shingo ya kizazi. Anayeiangalia ni mtumishi aliyefunzwa, mwenye taa, kitanda, faragha na kile kifaa ambacho wanawake wanakiita chuma. Penye mtumishi mmoja au wawili, wanaochanja watoto, wanaozalisha na wanaojaza daftari, mama anayelalamika kutokwa na uchafu atapewa dawa za maambukizi ya njia ya uzazi. Atarudi nazo nyumbani, zitaisha, atarudi tena, atapewa nyingine. Humo miezi inaweza kuyeyuka bila mtu yeyote kufanya kosa ambalo anaweza kunyooshewa kidole.

Wa tano ni hospitali: ya Handeni, au Magunga pale Korogwe, au Bombo mjini Tanga, ambayo ndiyo ya rufaa ya mkoa. Hapa ndipo kinyama kinapokatwa ili kipimwe. Wataalamu wa kusoma vinyama hivyo ni wachache mikoani, kwa hiyo majibu yanahitaji subira, na subira kwa mtu wa kijijini ina nauli yake. Papo hapo panazuka neno la mtaani: kansa ukiigusa kwa kisu unaiamsha, inatambaa mwili mzima.

Neno hilo si la kijinga kama linavyoonekana. Watu wamelipata kwa kuona. Jirani alikwenda hospitali, akakatwa kinyama, akafa miezi mitatu baadaye. Mwingine akapelekwa Ocean Road, akarudi kwenye jeneza. Hawakuambiwa kwamba wote wawili walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, kama wanavyofika wagonjwa walio wengi nchini, katika hatua ya tatu au ya nne. Kijiji kinajifunza kuwa hospitali ndiyo inayoua, kinachelewa zaidi, na kwa kuchelewa kinazidi kuuona ushahidi wa kile kinachokiamini. Duara hilo halikatwi kwa bango lenye picha ya utepe wa pinki.

Siki, taa na robo saa

Tuje kwenye shingo ya kizazi, kwa sababu hapa ndipo uchungu wa jambo hili ulipo. Chanzo chake karibu siku zote ni kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Ugunduzi huo ulimpatia Mjerumani Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Wanawake wengi hukipata wakati fulani na mwili ukakifukuza wenyewe. Kwa wachache hubaki, na kutoka hapo hadi saratani kamili hupita miaka kumi, kumi na mitano, hata zaidi. Kwa mwanamke mwenye Virusi vya Ukimwi muda huo hufupika, na hatari yake ni mara sita ya mwenzake asiye navyo.

Miaka kumi ni nafasi kubwa mno ya kumkamata mwizi. Na mtego wake hauhitaji mashine ya mamilioni. Muuguzi aliyefunzwa anapaka siki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kwa taa. Penye mabadiliko panageuka peupe. Pakiwa padogo, hutibiwa siku hiyohiyo kwa tiba mgando, inayogandisha sehemu hiyo kwa baridi kali, au kwa tiba joto, ambayo kifaa chake cha siku hizi kinashikika mkononi na kinaweza kutumia betri. Mama anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio wanaolengwa zaidi, na wenye Virusi vya Ukimwi huanza mapema na kurudia mara kwa mara. Kwa nini hawafurahii kuja? Chuma kile kinatisha. Anayepima huenda ni kijana wa kiume, rika la mwanaye. Kulala na kujifunua mchana kweupe, bila ugonjwa wowote unaouma, kunahitaji sababu nzito kuliko tangazo la kipaza sauti. Mwingine anaogopa mume atauliza: umeona nini hata ukaenda kupimwa huko? Ugonjwa ukishatajwa kuwa wa kujamiiana, swali la pili ni nani aliyeuleta. Kisha iko kalenda ya shamba. Kambi ya upimaji ikiwekwa wakati wa palizi ya masika, wanaokuja ni wa mjini Handeni na Korogwe, na takwimu zitasema mwitikio wa vijijini ni mdogo.

Kinga ya mabinti imepiga hatua zaidi. Aprili 2018 chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Aprili 2024 serikali ikapanua wigo, miaka 9 hadi 14, na sindano moja tu badala ya mbili. Kwa familia iliyo mbali, tofauti kati ya sindano moja na mbili ni kubwa kuliko inavyosikika ofisini. Uvumi kwamba chanjo hii inafunga kizazi ulisambaa, na kwa jamii inayompima mwanamke kwa uzazi wake, uvumi huo una nguvu. Shule ndiyo iliyookoa jahazi, kwa kuwa mabinti wengi wako darasani na mwalimu anaaminika. Hofu inabaki kwa walio nje ya darasa: aliyeacha shule, aliyeolewa mapema, binti wa mfugaji anayefuata ng'ombe malishoni. Msomera, kijiji cha Handeni ambako familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia tangu Juni 2022, ni mfano wa mahali ambapo daftari la chanjo linapaswa kuwafuata watu badala ya kuwasubiri.

Uvimbe unaohesabu siku

Saratani ya shingo ya kizazi inatoa miaka. Ipo nyingine, ya watoto, inayotoa siku.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua upesi ajabu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka Afrika Mashariki na ya Kati, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama umewahi kuonekana huko. Ramani waliyorudi nayo ilishangaza: uvimbe ulikuwa wa nchi za chini, zenye joto na mvua. Milimani kwenye baridi haukuonekana. Ilikuwa karibu ramani ya malaria. Leo inajulikana kuwa kirusi cha Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara hushirikiana kuuleta.

Mtu wa Korogwe haelezwi tofauti ya bondeni na milimani. Anaiona kila asubuhi: chini kuna joto, mkonge na mto Pangani, juu kuna ukungu, chai na baridi ya Usambara. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye kituo hapo Korogwe, wamelinganisha kwa miaka mingi malaria ya vijiji vya chini na vya juu, na katika muongo wa kwanza wa karne hii walishuhudia ikipungua sana. Chandarua, basi, kina faida ambayo wengi hawakuambiwa.

Seli za uvimbe wa Burkitt zaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Taya lililovimba Jumatatu si lile la Ijumaa. Mzazi atadhani ni jino, mwingine atadhani mtoto amechezewa, na wiki mbili za kung'oa jino na kuagua ni nyingi mno. La kufariji ni kwamba uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri sana, na watoto wengi wanaowahishwa hupona. Muhimbili ina wodi ya saratani za watoto, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia matibabu yasiyomdai mzazi fedha. Kinachotakiwa ni mtu wa kwanza kumwona mtoto huyo, awe mng'oa meno, muuza dawa au mganga, ajue kwamba hapo hakuna kusubiri.

Ghala, birika na jiko

Zipo saratani zinazopita jikoni. Handeni ni wilaya ya mahindi, na pia ni wilaya inayoijua njaa. Mahindi yakivunwa mabichi, yakaanikwa chini, yakatiwa guniani kabla ya kukauka, yanaota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua takriban watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara inapakana na Tanga. Hicho kilikuwa kifo cha haraka. Cha polepole ni saratani ya ini, inayomnyemelea mtu anayekula kidogo kidogo kwa miaka, hasa akiwa pia na homa ya ini aina ya B. Watoto wachanga wamekuwa wakichanjwa dhidi ya homa hiyo tangu 2002. Wazazi wao hawakuipata.

Mwambie mama atupe mahindi yenye ukungu. Atakutazama, kisha atatazama gunia, na gunia hilo ndilo chakula cha kuanzia sasa hadi mvua zijazo. Turubai la kuanikia na mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa vitamsaidia kuliko hotuba.

Ndivyo ilivyo kwa mengine. Wataalamu wa kimataifa walitangaza mwaka 2016 kuwa kinywaji cha moto wa zaidi ya nyuzi 65 kina uwezekano mkubwa wa kuchangia saratani ya umio, na tafiti za Kilimanjaro zimeihusisha na chai inayonywewa ikiunguza. Hili linawezekana kubadilika bila gharama: acha kikombe kipoe kidogo. Sigara, ugoro na gongo nazo zimo, na hapo hakuna wa kumtetea mnywaji isipokuwa uchovu wake. Kichocho cha mkojo, kisipotibiwa, kinaweza kuishia kwenye saratani ya kibofu. Kijana wa bondeni anayekojoa damu akichekwa na wenzake kuwa amekuwa mwanaume, anachekewa msiba. Na wazee wa kiume wanaokimbia kipimo cha tezi dume kwa aibu wajue kuwa aibu yao na ile ya wake zao mbele ya chuma ni moja.

Bei isiyoandikwa kwenye risiti

Kwa sera, mgonjwa wa saratani asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama. Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa ikilipiwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilimfikisha hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Iliishia Bombo. Ocean Road ilikuwa mbele ya mstari huo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwishoni mwa 2023, imekusudia kuusogeza mstari, na itapimwa kwa watu kama mama mwenye bahasha.

Lakini hata dawa zikiwa bure, mionzi haitolewi siku moja. Kwa saratani ya shingo ya kizazi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi. Atalala wapi? Vijiji vingi vya huku vinaanza na Kwa: Kwamkono, Kwaluguru, Kwamndolwa, Kwashemshi. Kila mahali ni kwa mtu fulani. Sasa mama anapelekwa kwenye jiji ambalo hana wa kwake, au ana mpwa aliyepanga chumba kimoja Mbagala na watoto wanne. Ongeza msindikizaji, chakula cha watu wawili, daladala za kila siku, na shamba lililobaki halina wa kulipalilia. Mbuzi wanauzwa kwanza. Kisha inajadiliwa ekari. Na penye jamii ambayo ng'ombe ni mali ya mume, mgonjwa hajadili. Anasubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Wapo wanaoanza mionzi na kuikatisha kwa sababu mvua zimenyesha nyumbani.

Milango iliyokwisha kufunguliwa

Njia haifupishwi kwa kujenga Ocean Road kila wilaya. Inafupishwa kwa kutumia milango ambayo watu wameshaizoea.

Kliniki ya mtoto ni mmoja. Mama asiyekwenda hospitali kwa ajili yake huenda kwa ajili ya mwanaye, na siku hiyo aweza kupimwa kwa siki akiwa hapohapo. CTC, kliniki ya wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, ni mwingine: mwanamke anayechukua dawa za kufubaza virusi ana miadi, ana faili, ana muuguzi anayemjua kwa jina. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kufikia 2030: asilimia 90 ya mabinti wawe wamechanjwa, 70 ya wanawake wamepimwa, 90 ya wenye tatizo wametibiwa. Linapendekeza pia kipimo cha HPV ambacho mwanamke huchukua sampuli mwenyewe, faraghani, bila chuma na bila kijana wa rika la mwanaye. Kwa Handeni hicho kitakuwa mkombozi siku kitakapofika vijijini.

Mlango wa tatu ni mhudumu wa afya wa jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Huyu ni mtu wa kijijini hapo, anayejua nani ameacha kuja kisimani. Akifundishwa dalili nne tu, damu isiyo ya kawaida, uvimbe wa titi usiouma, taya la mtoto linalovimba na chakula kinachokwama kooni, na akawa na namba ya simu ya mtu wa kumpokea mgonjwa hospitali, ile miezi itaanza kupungua.

Wa nne utawaudhi baadhi ya madaktari: mganga. Na kwa hili Tanga haihitaji kwenda kujifunza mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ukimwi ulipokuwa hauna dawa, madaktari wa mkoa huu na waganga wa jadi waliketi pamoja, na kutoka hapo likazaliwa kundi la Tanga AIDS Working Group. Waganga walijifunza nini kipelekwe hospitali, na madaktari walijifunza kusikiliza. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtambua mganga na kumtaka asajiliwe. Mganga aliyeheshimiwa atampeleka mgonjwa hospitali mapema; aliyetukanwa atamficha.

Na kwa wale ambao muda umewapita, ipo tiba shufaa, huduma ya kupunguza maumivu. Jirani zetu wa Muheza, katika Hospitali ya Teule, waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiwafuata wagonjwa hadi majumbani. Mgonjwa akifa bila kupiga kelele za maumivu, hata jina la ugonjwa linapungua kutisha.

Shahidi asiyeitwa

Turudi kwenye lile duara. Kijiji kinaamini kansa haiponi kwa sababu kinawaona wanaokufa. Waliopona wako wapi?

Wapo, ila hawajulikani, na wengine hawajijui. Mama aliyepakwa siki pale kituo cha afya, pakaonekana peupe, akagandishwa na kurudi nyumbani kupika, hakuhesabiwa kijijini kuwa amepona kansa, kwa kuwa hakuwahi kuwa nayo. Aliyetolewa uvimbe wa titi mapema alirudi akasema alikuwa na jipu. Aliyemaliza mionzi akiwa hai alisema alikwenda Dar kumsalimia mwanaye. Anayekufa anatangazwa kansa msikitini na kanisani. Anayepona anarudi na chango lake. Hesabu ya kijiji inaandikwa upande mmoja wa daftari.

Basi pale stendi, watazame na wanaoshuka. Mara mojamoja atateremka mama mwenye kitambaa kichwani, nywele zikiwa zimeanza kuota upya, bahasha ya kaki imekunjika pembe. Bodaboda itamchukua, na jioni wanawake wenzake watakuja kumpa pole ya safari. Watamuuliza alikuwa anaumwa nini. Kumjibia ni kumvunjia heshima, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha. Lakini siku akiamua mwenyewe kulitaja jina, kwa sauti ya kawaida, huku akimenya muhogo, yule jirani mwenye punje ya kunde kwenye titi atakuwa amekaa palepale kwenye mkeka, akisikiliza.